Ilani Mlangoni kwa Mama Buluu

Shangazi yangu ni dobi, na uchafu anaugombeza kama mtu. Nimemsikia kwa masikio yangu akiiambia kola ya shati la mteja, "Wewe leo utanikoma." Watu wanamwita Mama Buluu kwa sababu ya ile buluu anayotia kwenye maji ya kusuuzia nguo nyeupe. Imemwingia vidoleni kwa miaka mingi, na hata akienda harusini amejipamba vipi, vidole vinamtangulia kusema kazi yake.

Ana miaka hamsini na saba. Amezaa mtoto mmoja, amezika mume mmoja, na amenilea mimi tangu kaka yake, yaani baba yangu, alipofariki nikiwa darasa la tatu. Hajui kukaa. Ukimpa kiti anakifuta, akishakifuta anakumbuka pasi, akishika pasi anakumbuka kamba ya nje, na chai yake inapoa palepale ulipoiweka. Kutotulia huko nimekurithi kwake, ila mikono yake sikurithi. Mimi nachapa barua na kutoa nakala kwenye duka moja karibu na ofisi za manispaa, na nyumbani naweza kuacha sufuria kwenye maji siku tatu bila dhamiri kunisuta. Hili la uvivu wangu likumbukeni, maana bila hilo hamtaelewa nilichokuja kufanya.

Tunaishi nyumba moja, vyumba tofauti. Ni nyumba ya vyumba saba vinavyotazamana kwenye ua mwembamba, yeye chumba cha nne, mimi cha sita. Jiko moja, bomba moja, choo kimoja, na panya wasio na idadi.

Panya wa nyumba ile hawakuwa na habari ya kumkimbia mtu. Unaingia, anakutazama, anamaliza alichokuwa anakula, ndipo anaondoka, na haondoki kwa haraka. Fundi saa wa chumba cha tatu aliwahi kuota mke wake anamkuna kisigino. Akafurahi usingizini, maskini, kwa kuwa mke alishaondoka mwaka juzi. Alipoamka kisigino kilikuwa kimetafunwa.

Shangazi ndiye walimwonea zaidi, na sababu ni wanga. Kola na pindo za mikono huzipiga wanga kabla ya pasi ili zisimame, na kwa panya kola yenye wanga ni mkate. Basi akabuni njia yake. Kila furushi la mteja alilining'iniza darini kwa waya, na kila waya aliupitisha kwenye kifuniko cha kopo kilichotobolewa katikati. Panya akishuka kwa waya anafika kwenye kifuniko, kinapinduka, anaanguka. Ukiingia chumbani kwake ulikuta mafurushi kumi na mbili yanaelea juu ya kichwa chako na vifuniko vinagongana kila upepo ukipita. Wateja aliwaambia ni namna ya kuzuia unyevu. Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na kila alipousema aliangalia pembeni. Dobi akishajulikana ana panya, kazi imekwisha.

Na mwenye nyumba je? Tulimwita Bwana Kesho. Hakuwa mtu mkali, na afadhali angekuwa mkali tukajua moja. Alikuwa mpole wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Nimewasikia wanangu," anasema, ameweka mkono kifuani. "Kesho naleta fundi." Miaka sita tulisubiri fundi huyo.

Tungeendelea hivyo hivyo kama binti wa shangazi asingejifungua kabla ya wakati. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki tatu kati ya nne yuko njiani, kwa hiyo ilikuwa imepangwa tangu mwanzo kwamba uzazi utalelewa kwa mama yake, chumba cha nne. Mtoto alizaliwa na kilo moja na gramu mia tano. Akawekwa kwenye chumba cha joto hospitalini, mama yake analala kwenye wodi ya karibu, na sisi tunakwenda kila jioni kuchungulia kioo.

"Akifika kilo mbili anatoka," nesi wa wodi alituambia. "Anakwenda kulala wapi?"

"Kwangu," akasema shangazi.

"Pakoje?"

"Pasafi."

"Panya hakuna?" Nesi aliuliza huku anaandika, wala hakuinua kichwa. Ilionekana ni swali la kila mtu. "Maana harufu ya maziwa inawaita. Na huyu akiumwa hana nguvu ya kulia mkasikia. Tulirudishiwa mmoja mwezi uliopita, wamemla pua."

Tulitembea hadi nyumbani, shangazi anakwenda mbio, mimi nyuma nahema. Alipofika alisimama katikati ya chumba chake, chini ya yale mafurushi, akatazama mahali alipokuwa amepanga kuweka kitanda cha mtoto. Ukutani hapo kulikuwa na mstari mweusi wa mafuta, njia ya panya, ambao aliufuta kila siku na kila siku ulirudi.

"Niandikie barua manispaa," akaniambia. "Andika vizuri. Usiweke matusi."

Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, lakini niliyaacha. Utaratibu niliujua, kwa sababu nimewahi kutoa nakala za sheria ndogo ya usafi wa nyumba mara mia. Bwana Afya, yaani mkaguzi wa afya wa manispaa, ana uwezo wa kuingia nyumba yoyote akishatoa taarifa ya siku moja. Akikuta panya au kunguni anatoa ilani. Aliyepewa ilani ana siku saba za kuwaondoa. Zikipita, au mwenyewe akikiri hawezi, manispaa inaingia yenyewe: inachimba sakafu, inaziba matundu, inapuliza dawa, na hakuna wa kuwazuia. Na wakiona nyumba haifai watu wanaweza kuifunga kabisa. Nilichapa barua ukurasa mmoja, nikaipiga mstari mahali pa kutia mkazo, nikaipeleka kwa miguu yangu.

Taarifa ilikuja baada ya siku nne. Bwana Afya atafika kesho, saa tatu asubuhi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipojichimbia shimo. Mgeni akija, nyumba inasafishwa. Hilo halikuhitaji mtu kulisema. Jioni ile kila mlango ulitoa ndoo. Mama Pacha wa chumba cha kwanza alisugua kuta zake kwa sabuni mpaka rangi ikatoka. Fundi saa aliziba matundu kwa magazeti, akaweka pazia mbele. Jiko lilioshwa, ua ukamwagiwa maji, kuna mtu alipulizia marashi mpaka chooni. Shangazi ndiye alikuwa jemadari. Alifua mapazia ya vyumba vyote saba kwa mkono wake na yakakauka kabla ya kulala. Nami sikusema kitu. Niliona raha kwa kweli, nyumba ilipendeza, na nilibeba ndoo mbili nikajisifu.

Bwana Afya alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, tochi mkononi na fomu kwenye ubao. Alipita chumba hadi chumba. Alimulika pembe, alimulika uvungu, akainua hili na lile. Hakukuta hata kinyesi kimoja cha panya.

"Hongereni," akasema. "Nyumba nyingi ningependa ziwe hivi." Akaandika hakuna dalili, akatia saini, akatugeukia. "Nani aliandika barua?"

"Mimi," nikasema.

"Barua nzuri," akasema, akanitazama kidogo zaidi ya kazi inavyodai. Akaenda zake.

Usiku panya walirudi kama watu waliopisha tu usafi ufanyike. Fundi saa alicheka mpaka akakohoa. Shangazi hakucheka. Alikuwa ametoka hospitalini, mtoto amefika kilo moja na gramu mia saba na hamsini, na kila gramu iliyoongezeka, ambayo mama yake aliishangilia kwenye kioo, shangazi aliipokea kama mtu anayeambiwa saa inakwenda.

Niliandika barua ya pili. Nilieleza ukweli, kwamba tulisafisha kwa ajili ya ukaguzi, na taarifa ikaja: Bwana Afya atarudi baada ya siku tatu. Kisha nikawaita wote uani, nikasimama juu ya kigoda, nikajiona mtu wa maana.

"Safari hii asifagie mtu," nikasema. "Siku tatu. Acheni kila kitu kama panya walivyokiacha. Anahitaji kuona."

"Aone kinyesi kitandani kwangu?" Mama Pacha akauliza.

"Ndiyo, mama. Akione."

"Na wakiifunga nyumba, mimi na hawa wawili tunakwenda wapi? Kwako?"

"Hawafungi nyumba kwa panya tu. Wanaziba, wanapuliza dawa, basi."

"Umeambiwa na nani?"

Nilisema nimeisoma sheria, jambo ambalo ni kweli, na kwamba haina shida, jambo ambalo sikulijua. Fundi saa akasema yeye atafuata wengi. Mama Pacha akamtazama shangazi. Wote tulimtazama, maana kama kuna mtu katika nyumba ile asingeweza kuishi na kinyesi cha panya siku tatu, ni yeye.

"Mimi nitaacha," shangazi akasema. "Mjukuu wangu anakuja. Mniunge mkono, jamani. Siku tatu tu."

Wakakubali wote. Wengine walimshika mkono.

Siku tatu hizo sitazisahau. Shangazi kazi aliihamishia uani, mafurushi yote akayapeleka kwa jirani wa nyumba ya pili, na chumba chake akakiacha. Alikuwa anaingia kulala tu. Nikipita namwona amesimama mlangoni, vidole vinacheza hewani, anatafuta kitu cha kushika. Siku ya pili aliota vipele mikononi. Siku ya tatu nilimkuta anafua nguo ambayo alishaifua.

"Shangazi, hiyo tayari."

"Najua. Niache."

Alfajiri ya ukaguzi niliamka mapema. Nikatazama chumba changu. Kilikuwa na kinyesi cha panya mezani, juu ya vitabu, na punje tatu kwenye mto. Nikamkumbuka yule kijana na tochi yake, shati lake lilivyonyooka, na namna alivyosema barua nzuri. Nikajiambia vyumba viko saba, kimoja kikiwa safi kitaharibu nini? Wengine sita wanatosha. Nikachukua kitambaa cha maji nikafuta kimya kimya, nikakung'uta mto, nikapanga vitabu. Mimi, ambaye sufuria zangu zinajulikana ua mzima, siku ile nilifagia. Nilifanya polepole ili ufagio usisikike nje, na ndiyo maana nami sikusikia fagio za wenzangu.

Bwana Afya alianza chumba cha kwanza. Nilichungulia nyuma ya bega lake. Sakafu ya Mama Pacha ilikuwa inang'aa. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama chini. Chumba cha pili, safi. Chumba cha tatu, fundi saa amepanga saa zake ukutani na pazia limenyooka, akakwepa macho yangu.

Chumba cha nne, shangazi akafungua mlango wazi kabisa, akasogea pembeni.

Harufu ilitoka kwanza. Kinyesi kilikuwa sakafuni, kitandani, juu ya pasi. Matundu matatu yalionekana wazi, na mstari mweusi ukutani umekolea. Mchana kweupe panya mmoja alipita ukutani bila hofu. Bwana Afya alimulika, akaandika kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa amesimama wima, amevaa gauni lake safi la kutokea.

Cha tano safi. Cha sita, changu. Alitazama vitabu vilivyopangwa na mto uliokung'utwa, akanitazama, akatabasamu. Nilitamani ardhi inimeze. Cha saba safi.

Alikaa kwenye benchi la uani akamaliza fomu yake. Tulimzunguka.

"Dalili zikionekana vyumba viwili au zaidi," akasema, "tunahesabu kosa ni la jengo, ilani anapewa mwenye nyumba. Zikionekana chumba kimoja tu, kosa ni la mkaaji. Ilani ni ya chumba cha nne. Sababu, uchafu wa mkaaji."

Bomba lilikuwa linadondoka, na hakuna aliyekwenda kulifunga. Shangazi alimtazama Mama Pacha, akamtazama fundi saa, akazunguka hivyo hivyo uso kwa uso, mpaka akanifikia mimi. Alitazama mlango wangu uliokuwa wazi. Akaelewa. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona.

Kesho yake asubuhi duka lilipofunguliwa mimi sikuwepo, nilikuwa ofisini kwa Bwana Afya na shangazi pembeni yangu, yeye ameitwa kupokea ilani, mimi nimejipeleka. Nilisema yote bila kupumzika. Kwamba walifagia wote, kwamba mimi ndiye niliyewaambia wasifagie, na mimi ndiye niliyefagia. Kwamba ukitafuta mtu msafi zaidi katika mtaa ule ni huyu aliyekaa hapa. Niliongea mpaka sauti ikanikatika.

Yule kijana alisikiliza. Tabasamu la jana lilikwisha, na nilistahili.

"Nakuamini," akasema. "Lakini mimi naandika nilichokiona. Mama ana haki ya kupinga. Faili litakwenda kwenye kamati, kamati inakaa mwisho wa mwezi, itatuma mkaguzi mwingine. Akiona dalili kwenye vyumba vingi, ilani inahamia kwa mwenye nyumba, naye atapewa siku zake saba."

"Mwisho wa mwezi," shangazi akarudia.

"Siku ishirini na tatu kuanzia leo. Au anakubali ilani kama ilivyo, anaandika kwamba mwenyewe hawezi kuwaondoa, na manispaa inaingia. Wachimbaji wangu wana nafasi Alhamisi."

"Mjukuu wangu jana alikuwa kilo moja na gramu mia tisa na sitini," akasema shangazi. "Nesi kasema Jumamosi."

Bwana Afya aliweka kalamu chini. "Mama, mpangaji hatumlipishi. Adhabu yake ni ilani kubandikwa mlangoni siku thelathini, na ukiibandua ni kosa jingine. Imeandikwa kwa herufi kubwa. Panya, uchafu, namba ya chumba. Wewe ni dobi."

"Alhamisi mtakuja kweli?"

"Tutakuja."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Shangazi, usisaini," nikasema. "Tumpangie mtoto mahali pengine hizi siku ishirini na tatu. Nitatafuta."

"Wapi? Kwako, chumba cha sita?" Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, na mimi nilijua panya wangu ni walewale. "Hospitali hawawezi kumweka, wapo wengine wanasubiri kile kitanda. Baba yake yuko barabarani. Lete kalamu, baba."

Alisaini polepole, jina lote, kama alivyofundishwa zamani shule ya usiku. Nimeona watu wengi wakisaini karatasi dukani kwetu, za ndoa na za talaka, na sijawahi kuona mtu anasaini jambo la uongo dhidi yake mwenyewe kwa utulivu ule. Yeye aliyekuwa hawezi kukaa kwenye kiti, siku ile alikaa.

Alhamisi saa mbili kamili wachimbaji wanne waliingia na sululu. Walivunja sakafu ya chumba cha nne, wakakuta handaki. Handaki lilipita chini ya ukuta hadi chumba cha tatu, likazunguka jikoni, na huko likatokea kwenye bomba la maji machafu lililopasuka, ambalo Bwana Kesho alikuwa anatuahidi kulitengeneza tangu zamani. Sheria inawaruhusu kufuata handaki popote linapokwenda. Wakalifuata. Vyumba vyote saba vilichimbwa, vikazibwa kwa zege na vipande vya chupa, vikapulizwa dawa. Tulitolewa nje siku mbili, kila mtu kwa jamaa zake. Panya waliotolewa walijaza magunia mawili. Hesabu niliwaachia wachimbaji.

Nilimfuata Bwana Afya uani. "Umeona mwenyewe. Ni nyumba nzima. Badilisha basi ile fomu."

"Nimeona," akasema, naye alikuwa amefadhaika. "Nikiibadilisha leo, kazi inafanyika kwa ilani isiyokuwepo. Lazima niwasimamishe hawa mpaka kamati ikae."

Shangazi alikuwa amesimama karibu, kitambaa puani. "Asibadilishe kitu," akasema. "Chimbeni."

Ijumaa jioni ilani ikabandikwa. Mama Pacha alirudi kwenye chumba kisicho na panya na hakuweza kumwamkia shangazi jioni nzima. Bwana Kesho alikuja, akaweka mkono kifuani, akasoma karatasi hadi mwisho, akapumua kwa raha. "Kumbe," akasema. "Mimi siku zote najiuliza nyumba yangu ina kasoro gani." Fundi saa alinishika mkono kwa nguvu, la sivyo leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Mtoto alikuja Jumamosi, kilo mbili na gramu ishirini, amefungwa shuka tatu, uso mdogo kuliko kiganja changu. Alilala palepale shangazi alipopapanga. Usiku ule hatukusikia kitu, wala darini, wala ukutani. Binti yake alilala. Shangazi akaniambia asubuhi kwamba alikaa macho akisikiliza, na kutosikia kitu kulimtisha zaidi, mpaka akazoea.

Wateja walianza kupungua Jumapili. Mmoja alimtuma mtoto kuchukua furushi. Mwingine alichungulia uani, akaisoma kwa mbali, akaendelea na safari. Shangazi aliyafunga mafurushi yote, yaliyofuliwa na yasiyofuliwa, akayapanga karibu na mlango ili mtu akija asisumbuke.

Jumatatu alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya mtaa, mama mtu mzima. Huyu shangazi amemfulia miaka kumi na mmoja, mashati meupe matano kila wiki, hata siku shangazi mwenyewe alipofiwa na mume alimpigia pasi. Mimi nilikuwa ndani nimeshika chupa ya maziwa, binti amejilaza. Nilimwona mama yule kupitia upenyo wa pazia, miwani imeshuka puani, anasoma. Alisoma mara mbili.

"Miaka yote hii," akasema, na sauti yake ni ya kuita wanafunzi toka upande wa pili wa uwanja. "Nguo zangu za mwilini, Mama Buluu. Unaniambia vifuniko ni vya unyevu. Nimekusifu kwa watu mimi, nimekuletea wateja kwa mdomo wangu. Uchafu wa namna hii, hata aibu huna?"

Shangazi alikuwa amesimama mbele yake na furushi mikononi. Sikuweza tena. Nilitupa pazia pembeni nikatoka, nikaanza kwa sauti kubwa kuliko yake, "Mwalimu, hiyo karatasi ni ya uongo, si yeye, ni mimi ndiye niliye—"

Shangazi aliinua mkono, na kwanza nilidhani ananizuia mimi peke yangu. Lakini alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akampa Mwalimu mashati yake, yamenyooka, kola zimesimama.

"Punguzeni sauti," akasema. "Mtoto amelala."